Garba ya Uani, Karibu na Kisutu: Tathmini ya Usiku wa Navaratri Dar es Salaam

Kila mwaka, baina ya Septemba na Oktoba, Wahindu wa Dar es Salaam, ambao wengi wao wana asili ya Gujarat, hukutana usiku tisa mfululizo kuadhimisha Navaratri, sikukuu ya kumtukuza Durga, mungu mama ambaye waumini wake humwita kwa upendo Mataji. Zipo jumuiya zinazoadhimisha katika nyua za mahekalu na katika kumbi zao za Upanga na Kisutu, na wapo waandaaji wanaokodi kumbi kubwa na kuuza tiketi kwa yeyote. Tathmini hii inahusu zaidi sherehe ya aina ya kwanza, iliyofanyika katika ua wa hekalu lililo mwendo mfupi kutoka mtaa wa Kisutu, nayo nimeilinganisha na ya aina ya pili niliyohudhuria msimu huohuo. Nimeipima kama ninavyopima huduma yoyote inayopokea wageni, yaani kwa namna mtu anavyokaribishwa, anavyolishwa, anavyoelekezwa na anavyoondoka, kwa sababu wakazi wengi wa jiji hili husikia ngoma za garba, mchezo wa duara wa sikukuu hii, wakiwa wanapita njia bila kujua kwamba mlango uko wazi hata kwao.

Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka aipate: anayetaka kuijua Navaratri aende uani kwenye hekalu, asiende ukumbini. Tofauti haikuletwa na ukubwa wa mahali wala ubora wa vyombo vya sauti, kwani kwa hayo mawili ukumbi ulishinda kwa mbali. Uani, kila kilichopangwa kilipangwa kwa ajili ya taa iliyokuwa katikati. Ukumbini, taa ilisogezwa pembeni ya jukwaa, na watu wakazunguka patupu.

Taa hiyo inahitaji maelezo, maana asiyeielewa atadhani amekuja kutazama dansi tu. Ni chungu cha udongo kilichotobolewa matundu madogo mwili mzima, na ndani yake huwashwa utambi uliolowa samli. Ua unapotiwa giza kidogo, mwanga hupenya kwenye matundu yale na kutawanyika sakafuni hadi miguuni mwa wachezaji. Chungu ni tumbo la uzazi na ni mwili wa mwanadamu. Mwanga uliomo ni uhai utokao kwa Mama. Ndiyo sababu watu huzunguka, kwani kuzunguka kwao ni kule kuzaliwa, kuishi, kufa na kuzaliwa tena ambako dini yao inakufundisha, na kisichosogea katika mzunguko wote ni yule aliye katikati. Mchezo unaochezwa kukizunguka chungu hicho ndio garba. Desemba 2023, kamati ya UNESCO inayoshughulikia urithi wa utamaduni usioshikika ilipokutana Kasane, nchini Botswana, iliiingiza garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa wanadamu, na kwangu mimi lina uzito jambo hili kwamba uamuzi huo ulipitishwa katika bara ambalo nalo limeichezesha garba kwa vizazi kadhaa.

Pembezoni mwa ua, chini ya paa dogo la mabati, palikuwa na altare yenye sanamu ya Durga aliyepanda simba, mikono yake mingi ikiwa imeshika silaha. Mbele yake paliwekwa chombo cha shaba chenye maji, kikiwa kimezungushiwa majani ya mwembe mdomoni na kufunikwa kwa nazi nzima, vitu viwili ambavyo mwenyeji wa pwani hahitaji kutambulishwa. Lakini kilichonivuta zaidi kilikuwa sinia pana la udongo lililosiwa mbegu za shayiri siku ya kwanza ya sikukuu. Nilipofika, sikukuu ilikuwa imevuka nusu, na miche ilikuwa imesimama urefu wa kidole, ya kijani hafifu inayokaribia manjano kwa sababu haikuwa imepata jua la kutosha. Mama mmoja aliyekuwa akiinyunyizia maji kwa ncha za vidole alinieleza kwamba ikiota kwa wingi na kwa usawa huhesabiwa kuwa ishara ya mwaka wa neema, na kwamba siku ya kumi familia hugawana ile miche. Alinionyesha upande mmoja wa sinia uliokuwa na upara kidogo, akasema hapo ndipo upepo wa feni unapopiga, na papo hapo akamwita kijana aigeuze feni. Nimetembelea matamasha mengi ya utamaduni jijini ambako vifaa vya ibada huwekwa kama mapambo. Hapa mtu alikuwa akivihudumia.

Kisa kinachoadhimishwa ni cha vita. Mahishasura, jini mwenye umbo la nyati, alikuwa amepewa ahadi kwamba hakuna mwanamume wala mungu wa kiume atakayemuua, akajiona amesalimika na kuitia dunia katika dhiki. Miungu ikakusanya nguvu zake zote zikawa mwanamke mmoja, Durga, ambaye alipigana naye usiku na mchana hadi siku ya kumi alipomwangusha. Siku hiyo ya kumi ni Vijayadashami, au Dussehra, ambayo pia ni siku ya ushindi wa Rama, mungu aliyezaliwa mwana wa mfalme, dhidi ya Ravana, mfalme wa majini. Katika kila usiku wa tisa zile, Durga huabudiwa kwa sura moja kati ya sura zake tisa, tangu Shailaputri, binti wa mlima, hadi Siddhidatri, mtoaji wa ukamilifu. Mwanzoni mwa usiku niliohudhuria, kijana mmoja alisimama akalisimulia hili kwa Kigujarati, kisha kwa Kiingereza, kwa ufasaha na bila kurefusha mno. Kwa Kiswahili hakulisema, na hilo nitalirudia.

Mapokezi yalikuwa ya kiungwana. Langoni walisimama vijana wa kujitolea, wake kwa waume, waliovaa vitambaa vya rangi ya chungwa begani, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimealikwa na nani. Waliniuliza kama nimefika na watoto, kama nahitaji kiti, na kama nina kitu chochote cha nyama au kileo mkobani, wakieleza kwa upole kwamba ndani havipiti. Viatu huachwa kando ya ukuta, na kazi ya kuviangalia ilikuwa ya bibi mmoja mzee mwenye sari ya pamba nyeupe aliyeketi kwenye kiti cha plastiki. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyeitika hivyo maisha yake yote, kisha akaniambia kwa Kiswahili cha mjini kisicho na doa: “Mwanangu, viatu vyako weka mwisho kule, ukiviweka hapa katikati watoto watavipiga teke, utavitafuta mpaka asubuhi.” Nikavipeleka alikosema. Nilipotoka, rundo la katikati lilikuwa limevurugika kweli, na vyangu vilikuwa mahali pake.

Ibada ya arati ndiyo inayofungua usiku, nayo inapaswa kuhudhuriwa tangu mwanzo. Sinia lenye tambi kadhaa zinazowaka huzungushwa mbele ya sanamu huku kengele zikilia, watu wakipiga makofi kwa pamoja na kuimba sifa za Mama, na harufu ya kafuri na ubani ikijaza ua. Baada ya hapo sinia hupitishwa kwa watu, kila mmoja akaupitisha mkono juu ya mwali na kuupaka mwanga ule usoni. Mgeni asiye wa dini hiyo hakulazimishwa chochote. Nilisimama nyuma kwa heshima, na kijana aliyebeba sinia alipofika kwangu alinitazama, akangoja kidogo aone nitakavyofanya, kisha akasonga mbele bila neno. Ustaarabu wa namna hiyo, wa kumwachia mtu nafasi ya kushiriki au kutoshiriki pasipo kumfanya ajione mgeni, nauhesabu kuwa kiini cha huduma njema.

Garba yenyewe ilianza saa tatu usiku, wakati misikiti ya mitaa ya jirani ilikuwa imekwisha kuswali Isha, na mmoja wa wazee wa kamati aliniambia kwamba ratiba hupangwa hivyo kwa makusudi. Wanaume wachache na wanawake wengi waliingia duarani, wasichana wakiwa katika sketi pana za marinda zilizoshonewa vioo vidogo, blauzi fupi na mtandio, mavazi yanayoitwa chania choli, na wavulana wakiwa katika makoti mafupi yaliyopanuka kiunoni. Duara huzunguka kinyume cha mwendo wa mikono ya saa. Hatua rahisi kabisa ina makofi mawili na nyingine makofi matatu: mtu huingia ndani kidogo kuelekea kwenye taa, huinama na kupiga kofi chini usawa wa goti, hujigeuza nusu, hupiga tena usawa wa bega, hurudi nyuma, kisha husogea hatua moja kulia na kuanza upya. Mkazo uko kwenye ule mwinamo. Anayeinama vizuri, marinda ya sketi yake hufunguka yakawa duara ndani ya duara. Anayepiga makofi bila kuinama huonekana mara moja kwamba anafuata ngoma tu.

Nakiri kwamba jambo lililonifurahisha kuliko yote ni jinsi wasiojua walivyofundishwa. Kamati ilikuwa imetenga duara la nje, la pole pole, kwa ajili ya watoto, wazee na wageni, na katika duara hilo walitembea wanawake wanne wenye umri wa makamo ambao kazi yao ilikuwa kufundisha. Hawakusimama mbele kama walimu. Walijipenyeza baina ya watu, wakacheza kando yako mizunguko kadhaa huku wakihesabu kwa sauti ndogo, moja, mbili, tatu, geuka, na ukishaimudu wanahamia kwa mwingine. Wanawake wa pwani waliokulia kwenye vugo na chakacha hawatapata taabu hata kidogo. Nilimwona dada mmoja mwenye buibui, ambaye baadaye niliambiwa kuwa ni mfanyakazi mwenzake mmoja wa wenyeji, akiwa ameshika mwendo katika mzunguko wa pili na kuanza kumwelekeza mtoto aliyekuwa mbele yake.

Muziki ulikuwa wa papo kwa papo. Palikuwa na mwimbaji wa kike na wa kiume, mpiga harmoniamu, chombo ambacho wapenzi wa taarabu ya zamani ya Mombasa na Lamu wanakijua vyema, na vijana wawili waliopiga ngoma zenye nyuso mbili zilizoning'inizwa shingoni. Faida ya wapigaji hai ni kwamba wanawatazama wachezaji. Duara lilipochoka, ngoma ililegea. Watoto walipoanza kukimbia, ngoma iliwafuata ikaongeza kasi taratibu hadi watu wazima wakaanza kucheka na kutoka pembeni mmoja mmoja. Vipaza sauti vilikuwa viwili tu na vyote vilielekezwa ndani, hivyo kwamba nje ya geti mtu aliweza kuzungumza kwa simu. Karibu na saa tano usiku zilitolewa fimbo za rangi, mbili kwa kila mtu, na garba ikawa dandia: mistari miwili inatazamana, watu wanagonganisha fimbo kwa mpangilio maalumu, kisha kila mmoja anahamia kwa mwenzi anayefuata, na kwa njia hiyo katika wimbo mmoja mtu hukutana na nusu ya ua. Fimbo hizo ni mfano wa panga za Durga. Kwa mgeni ni mchezo unaohitaji uangalifu, na nampongeza aliyeamua kwamba watoto wadogo wachezee upande wao peke yao, wasije wakaumizwa vidole.

Chakula nacho kinastahili nafasi kubwa, kwa kuwa ndani yake kuna busara ambayo mgahawa wa kawaida hauna. Waumini wengi hufunga katika siku hizi tisa, na kufunga kwao ni kuacha nafaka, kunde, vitunguu maji, vitunguu saumu na chumvi ya kawaida, wakitumia chumvi ya mawe badala yake. Baadhi hula mara moja tu kwa siku. Jiko la uani lilikuwa na meza mbili, moja ya waliofunga na nyingine ya wasiofunga, na watu wa kugawa walikuwa tofauti, kila meza na upawa wake, ili vyakula visichanganyike. Nilijaribu vya meza zote mbili, na naitunukia ya waliofunga ushindi bila kusita.

Chakula kikuu cha meza hiyo kilikuwa kichdi ya sabudana. Sabudana ni punje nyeupe mviringo zinazotengenezwa kwa wanga wa mhogo, zao ambalo kila mkoa wa pwani yetu unalilima, na ubora wa chakula hiki hutegemea kabisa namna punje zilivyolowekwa. Zikilowekwa kwa maji mengi hugeuka uji unaonata. Zikikosa maji hubaki na kiini kigumu. Hapa zilikuwa zimeiva hadi zimekuwa kama lulu, kila punje imejitenga na mwenzake, laini lakini yenye kuvutika kidogo jinoni, zikiwa zimechanganywa na viazi vilivyokatwa vipande vidogo, karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu, pilipili mbichi, bizari nyembamba iliyopasuliwa katika mafuta ya moto, majani ya giligilani na ndimu iliyokamuliwa mwishoni wakati sufuria imeshateremshwa. Karanga ndizo zilizobeba chakula kile. Zilikuwa zimekaangwa siku hiyohiyo, ladha yake ilikuwa tamu na ya moshi kidogo, na ule unga wake ulikuwa umezifunika punje kiasi cha kuzizuia zisishikane. Kando yake palikuwa na mtindi uliopigwa na kuongezwa maji, chumvi ya mawe na bizari, uliokuwa baridi na mwepesi, kinywaji kinachofaa kabisa kwa joto la Oktoba na kwa mtu aliyecheza saa nzima.

Meza ya wasiofunga ilikuwa na bajia, kachori, chevda na mhogo wa kukaanga uliopakwa pilipili na ndimu, vyote vya kiwango kizuri, ingawa bajia za mwisho mwisho zilikuwa zimepoa na kunyonya mafuta. Chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki haikukauka usiku kucha. Mwisho wa yote kila mtu, awe amekula au hakula, alipewa mkononi vipande vya nazi na sukari ya mabonge vilivyokuwa vimewekwa mbele ya Mama wakati wa ibada, na hiyo ndiyo prasadi. Hupokewa kwa mkono wa kulia na haitupwi.

Sasa niseme juu ya ukumbi. Sitautaja jina, na sina shaka kwamba waandaaji wake walitia juhudi: taa zilikuwa nzuri, vyoo vilikuwa safi, walinzi walikuwa wa kutosha, na maegesho ya magari hayakuwa na msongamano. Lakini tiketi ya mtu mmoja ilitosha kulipia chakula cha jioni cha watu wawili katika mgahawa wa kawaida wa Upanga, na kwa gharama hiyo mtu alipata nyimbo za filamu zilizorekodiwa, zikipigwa kwa sauti iliyofanya mazungumzo yasiwezekane, na mshereheshaji aliyekatiza kila wimbo kutangaza wadhamini. Arati ilidumu dakika chache mno, wengi wakiwa bado kwenye foleni ya kuingia. Katikati ya ukumbi, mahali pa chungu, palikuwa na kamera kwenye nguzo. Matokeo yake ni kwamba duara halikudumu. Vikundi vya marafiki vilijitenga, kila kimoja kikicheza hatua zake kilizozifanyia mazoezi, na aliyekuja peke yake hakupata pa kuingilia. Chakula kiliuzwa kwenye vibanda na hakikutofautishwa kwa waliofunga. Vijana wengi walifurahi, na furaha yao siibezi. Hata hivyo, kama sherehe ya sikukuu ya dini, niliiona pungufu, na sikumwona mzee hata mmoja akicheza.

Kuwapo kwa wazee ni jambo kubwa zaidi ya pambo, na historia ya jiji inaeleza kwa nini. Wafanyabiashara wa Kutch na Kathiawar, sehemu mbili za Gujarat, walisafiri kwa majahazi wakisukumwa na kaskazi hadi Zanzibar na mrima karne nyingi kabla ya kuwapo Dar es Salaam, na mji huu ulipoanzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, kisha ukafanywa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891, wengi walihamia hapa na kufungua maduka. Familia zilizofuata zilijenga mahekalu, shule na zahanati. Mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo ilipopitishwa, sehemu kubwa ya jumuiya za Kiasia ilihama, wengine wakaenda Uingereza na Kanada, na maduara ya garba ya Dar es Salaam yakapungua watu. Waliobaki ndio waliozishika hatua, nyimbo na utaratibu wa siku tisa. Miaka ya karibuni wamekuja Wahindu wapya moja kwa moja kutoka India, wahasibu, wahandisi, wauguzi na wataalamu wa kompyuta, si wote Wagujarati. Uani niliwasikia watu wa Maharashtra na wa kusini mwa India wakijifunza makofi matatu kwa mabibi ambao hawajawahi kuishi India. Mabibi hao wakiondolewa, hakuna wa kuwafundisha wageni wala watoto wao wenyewe, na ndiyo maana ninaamini kwamba sherehe inayowapa viti, inayopunguza sauti ili wasikie na kuwatengea duara la pole pole inafanya kazi ambayo tiketi haiwezi kuilipia.

Kasoro za uani zipo na waandaaji wanapaswa kuzitazama. Vyoo ni vichache kwa umati ule, na foleni ya wanawake ilikuwa ndefu mno baada ya saa nne. Feni hazikutosha, hasa upande wa jikoni. Sikuona mahali palipotengwa kwa ajili ya mtu anayetumia kiti cha magurudumu, na kizingiti cha geti kiko juu. Kubwa kuliko yote ni lile nililolitaja la lugha. Kila mtu uani alizungumza Kiswahili, kuanzia bibi wa viatu hadi vijana wa jikoni, na walinzi, wapishi wasaidizi na wageni wengi ni Waswahili. Basi simulizi ya Durga, ambayo ndiyo ufunguo wa usiku wote, ingesimuliwa kwa Kiswahili pia, au ingebandikwa langoni kwenye karatasi moja. Nililisema hili kwa mmoja wa kamati, akalipokea vizuri na kuandika. Natumaini mwakani tutaisikia.

Kuingia uani hakuna malipo. Kuna kisanduku cha sadaka karibu na altare, na adabu ni kutia chochote, kwa kuwa chakula chote hugharimiwa na familia zinazopokezana usiku. Kwa mavazi, si lazima mtu ashone chania choli. Sketi ndefu ya kitenge au suruali pana na blauzi yenye mikono inatosha, ilimradi miguu iwe huru na mabega yafunikwe. Picha zinaruhusiwa wakati wa garba lakini si wakati wa arati, na ni vizuri kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Anayetoka mbali anaweza kuja kwa mwendokasi na kushuka kituo cha Kisutu, lakini kurudi kwake apange bajaji au teksi mapema, maana mitaa ile ina njia nyembamba na baada ya saa sita usiku magari ya wenyeji huziba pande zote mbili.

Tarehe hubadilika kila mwaka kwa kuwa sikukuu hufuata mwezi. Mwaka 2025 ilianza tarehe 22 Septemba na Vijayadashami ikaangukia tarehe 2 Oktoba. Hata hivyo, kalenda ya Kihindu haizunguki misimu yote kama inavyozunguka Ramadhani, kwani kila baada ya miaka mitatu hivi huongezewa mwezi mmoja ili irudi sambamba na jua. Mwaka 2026 una mwezi huo wa ziada, na kwa hiyo usiku wa kwanza utakuwa tarehe 11 Oktoba. Usiku wa kwanza na wa pili watu huwa wachache na walimu wa hatua hupata muda wa kutosha na kila mgeni, kwa hiyo anayekwenda kwa mara ya kwanza ningemshauri achague mmojawapo, na afike kabla ya arati.